Shimo Lisilokuwa na Dalili

Nilimuua fundi cherehani Jumapili moja alasiri, kwenye baraza ya duka lake mwenyewe pale Bomani, mdomo wake ukiwa umejaa karanga. Nilimuua kwa penseli na karatasi, ndani ya mchezo. Lakini zilipita siku mbili kabla watu hawajaelewa kwamba ulikuwa mchezo, na mimi nilichukua muda mrefu zaidi kuelewa kosa langu lilikuwa wapi.

Ilikuwa miaka ile ya dhahabu. Mtu yeyote mwenye mikono miwili na sururu alikuwa ameelekea machimboni au alikuwa anafunga mzigo aende. Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari mjini Tarime, na nikifika kwenye somo la miamba wanafunzi walikuwa wananisahihisha, maana baba zao walirudi nyumbani na vipande mfukoni. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijatufikia. Habari zilisafiri kwa mdomo, na zilisafiri haraka.

Nilikuwa nimepanga nyumba moja na mpima ardhi kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, kijana mpole aliyekuja kupima viwanja kule kwenye dhahabu. Kazi yake ilipoisha aliondoka kwa haraka, akaniachia katoni ya vitabu mlangoni.

"Mwalimu, hii ya juu ni mchezo," aliniambia. "Ni ya kucheza na mdomo. Haitaki uwanja, haitaki mpira. Inataka watu tu."

Kilikuwa kitabu kinene cha Kiingereza, jalada limeng'oka, kurasa za mwisho zina madoa ya chai. Nilikisoma majuma mawili ya masika, kwa kuwa hakukuwa na lingine la kufanya barabara zikiwa matope. Nikaelewa kwamba mmoja anakuwa msimulizi, ambaye peke yake ana ramani ya siri. Wengine kila mmoja anaumba mtu wake, askari au mganga au mwizi, kisha anasema mtu huyo anafanya nini. Msimulizi anaeleza kinachotokea. Pale ambapo jambo linaweza kwenda hivi au vile, bahati inaamua. Kitabu kilitaka dadu yenye pande ishirini. Tarime nzima dadu zilizokuwepo zilikuwa za ludo, za pande sita. Kwa hiyo nikakata vikaratasi ishirini, nikaviandika moja mpaka ishirini, nikavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Ukichomoa namba kubwa umepona, ukichomoa ndogo shauri yako.

Wachezaji walikuwa watatu. Wa kwanza ni huyo fundi. Baba yake alitoka pwani akiwa fundi vilevile, lakini yeye alizaliwa Tarime, na akikasirika alikasirika kwa Kikurya. Alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti nyembamba, tepu ya kupimia shingoni hata siku ya mapumziko. Wa pili ni nesi wa wodi ya wazazi, mwanamke mrefu aliyeamini kwamba kila kitu kina vijidudu mpaka kithibitishwe vinginevyo. Wa tatu ni mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi machimboni miaka mingi. Kazi yake ilikuwa kufunga matimba, yale magogo yanayozuia kuta za duara zisiporomoke, na duara ndilo jina la shimo la mchimbaji, hata likiwa la mraba. Goti lilipomharibikia akaja mjini kuuza kamba, jirani na fundi.

Tulicheza Jumapili alasiri. Fundi alikuwa na Ijumaa yake, nesi alisali Jumamosi, mimi na mzee tulisali Jumapili asubuhi. Ilibaki hiyo alasiri tu ambayo Mungu hakuwa na miadi na yeyote kati yetu.

Fundi aliumba askari wa mfalme, na alitumia Jumapili nzima kueleza joho la askari huyo, vifungo kumi na viwili, bitana ya hariri, mifuko ya ndani miwili. Nesi aliumba mganga wa majani asiyekubali kula kitu chochote nje ya nyumba yake. Mzee alikataa kila nilichomsomea kitabuni.

"Mimi nitakuwa mzee wa matimba," alisema.

"Mzee, kitabu hakina mtu wa namna hiyo."

"Andika."

Nikaandika.

Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Walifukuza majambazi, walimwokoa binti wa chifu ambaye nesi alimpima homa kabla hajaruhusiwa kutembea, wakafika mpaka kwenye ngome ya zamani iliyokuwa na taji la dhahabu. Neno dhahabu lilipotoka mdomoni mwangu, wote watatu walisogeza viti.

Ndani ya ngome kulikuwa na ukumbi. Nikawaeleza ukumbi kama kitabu kilivyoueleza, nguzo nyeupe, sakafu safi, taji juu ya meza upande wa pili.

"Naingia katikati, kifua mbele," alisema fundi, akatupa karanga mdomoni.

Kitabu kilisema kwamba katikati ya ukumbi pana shimo lililofunikwa. Atakayekanyaga anahitaji kumi na tano kwenda juu, vinginevyo anakufa. Nikamsogezea kopo.

"Chomoa."

"Nachomoa kwa ajili gani?"

"Chomoa tu, Fundi."

Akachomoa nne.

"Sakafu imefunguka," nikasoma. "Umeanguka. Chini kuna miti iliyochongwa. Umekufa."

Aliacha kutafuna. Alinitazama mimi, akatazama kile kikaratasi, akakigeuza kuona kama kuna kitu nyuma.

"Ulisema sakafu safi," alisema.

"Ilikuwa safi kwa juu. Shimo lilifichwa."

"Lilifichwa na nani?"

"Na waliojenga ngome."

"Hao waliojenga wako wapi?"

"Kwenye kitabu."

"Na kitabu kiko kwa nani?"

Kilikuwa mapajani mwangu. Nilikifunga, jambo ambalo halikunisaidia.

"Ndivyo mchezo ulivyo," nikamwambia. "Kuna hatari. Bila hatari hakuna raha."

"Mimi sikatai hatari, Mwalimu. Nakataa kuuawa nikiwa sijui kama kuna vita." Akasimama, akakung'uta maganda ya karanga kwenye suruali, akachukua mkasi wake. "Kesho alfajiri naenda Mugumu kuwapimia kwaya ya kanisa majoho. Wale wakikosea sauti wanaambiwa. Kwaherini."

Akafunga duka akaenda zake. Tukabaki watatu barazani, mimi nakusanya vikaratasi. Mzee alikuwa ameinama, mikono juu ya goti lake bovu. Yeye mchezo ulimwingia sana kuliko sisi. Akiwa ndani yake sauti ilibadilika.

"Ameanguka shimoni," alimwambia nesi, taratibu. "Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili. Hakulia hata kidogo."

"Hatungeweza kumtoa?" aliuliza nesi.

"Kwa kamba gani? Amekwisha, yule."

Nikasikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Nilipogeuka nilimwona mama mmoja aliyebeba kikapu, anaondoka kwa haraka. Nilidhani ni mteja aliyekuta duka limefungwa. Na kweli alikuwa mteja, alikuja kuchukua sare za watoto wake. Alikuwa ametoka Nyamwaga, kule upande wa machimboni, na jioni ileile alirudi Nyamwaga.

Jumanne nilikuwa darasani, nafundisha mvua za milima, mkuu wa shule akaniita. Ofisini kwake alikuwa amekaa mke wa fundi, mwanamke mfupi mwenye utulivu ambao ulinitia hofu.

"Shikamoo, mama," nikamwambia, ingawa hakunizidi miaka mingi. Nilihisi hali ilidai hivyo.

"Marahaba. Mwalimu, nyumbani kwangu kuna watu wanalia. Wametoka Nyamwaga na mikungu ya ndizi na unga na turubai. Wanasema mume wangu ameanguka duarani Jumapili na hakuweza kutolewa, na kwamba wewe ulikuwepo. Mimi jana alfajiri nimempikia uji, akanywa, akapanda gari la Mugumu. Sasa naomba uniambie. Niliyempikia uji ni nani?"

Mkuu wa shule alinitazama na yeye akitaka kujua.

Nikawaeleza. Nilipomaliza, mkuu aliniruhusu kutoka nikiwa sijaomba ruhusa.

Njiani nilimpitia nesi na mzee, kwa sababu sikutaka kufika peke yangu. Uani kwa fundi turubai lilikuwa limeshafungwa, moto umewashwa, na watu kama ishirini wamekaa. Walikuwa wateja wake wa miaka mingi, watu aliowashonea nguo za harusi na za ubatizo. Walikuwa wameshapita dukani, wakalikuta limefungwa siku ya kazi, na kwao huo ukawa ushahidi wa kutosha. Nilisimama mbele yao na kitabu mkono mmoja na kopo mkono wa pili, nikaanza.

"Wazee wangu, mama zangu, poleni kwa safari. Fundi hajafa. Aliyekufa ni mtu wake."

Mwanamume mmoja mwenye koti kubwa akasogea mbele.

"Mtu wake yupi? Ndugu yake?"

"Hapana, baba. Ni mtu aliyemuumba."

Nyuma yangu nikamsikia mke wa fundi akisema astaghfirullah.

"Fundi ameumba mtu?" aliuliza yule mwenye koti.

"Kwenye karatasi," nikasema haraka. "Ni mchezo. Tunacheza kwa maneno. Mtu huyo alikuwa askari, akaingia kwenye nyumba, akaangukia shimo."

"Na huyo askari alikuwa wa kabila gani?"

Sikuwahi kulifikiria hilo. Nesi akaja kunisaidia, akaeleza upya kwa Kikurya, polepole, kama anavyowaeleza wazazi wapya jinsi ya kumnyonyesha mtoto. Watu wakasikiliza, wakatazamana. Wawili watatu wakaanza kucheka. Yule mama mwenye kikapu, aliyeleta habari Nyamwaga, alijifunika uso kwa khanga. Nikamwendea nikamwomba radhi, maana hakuwa amekosea. Alisikia alichosikia, tena kutoka kwa mzee ambaye kila mtu alijua alitoka machimboni.

Bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka hakucheka wala hakuinuka.

"Nguvu za kurudi Nyamwaga leo sina," alisema. "Ndizi zimeshamenywa. Tutamlilia huyo askari."

Hivyo ndizi zikapikwa, watu wakala. Wengi waliondoka jioni. Bibi na wenzake sita hivi wakalala palepale, na mke wa fundi akawatandikia mikeka. Kila aliponipita aliniangalia kidogo kuliko ilivyohitajika.

Fundi alirudi kesho yake, Jumatano mchana, tepu shingoni na daftari la vipimo vya kwaya kwapani. Mimi nilikuwa nimetoka shule moja kwa moja nikaja kumsubiri. Alisimama langoni, akaona turubai, akaona moto na wageni, uso wake ukabadilika.

"Poleni," alisema kwa sauti ya chini. "Nani amefariki?"

Bibi akapiga mkeka kwa kiganja.

"Njoo ukae kwanza, mwanangu," alimwambia. "Umetoka mbali."

Alipoelezwa, aliangaza macho uani, mkeka kwa mkeka. Nilitegemea atafoka. Kumbe alikuwa anahesabu nani na nani walikuja kumlilia, na alipomaliza aliuliza kama yule mwenye koti kubwa alikuwepo. Akaambiwa alikuwepo, tena alilia. Fundi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akanigeukia.

"Sasa tuzungumze habari ya shimo," alisema.

Basi tukazungumza habari ya shimo, pale pale chini ya turubai, mbele ya bibi na wenzake, mke wa fundi amesimama mlangoni, mikono amekunja. Mzee na nesi waliitwa. Kila mmoja alisema lake, na mimi nikajitetea kwamba nilifuata kitabu neno kwa neno. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza maswali kama anayenunua kuku.

"Huyo askari, ulimwambia kuna shimo?"

"Hapana, bibi."

"Kulikuwa na kitu chochote ambacho angekiona, akajua?"

Nilifikiria nguzo nyeupe na sakafu safi. "Hapana."

"Angeuliza, ungemjibu?"

"Hakuuliza."

"Angeuliza nini, mwanangu, naye hajui kama kuna la kuuliza? Shimo halikumuua. Umemuua wewe."

Nikamwangalia mzee, nikitumaini atanitetea, kwa kuwa yeye kwenye mashimo halisi alikuwa amekaa miaka mingi. Alikuwa anasugua goti.

"Duara linasema," alisema. "Kwanza unaona vumbi linadondoka, jembamba, kama unga kwenye chujio. Halafu vijiwe. Halafu gogo linalia. Mwenye akili akisikia gogo linalia anatoka, hata kama mkononi ameshika dhahabu. Wengi niliowaona wakifukiwa walikuwa wameambiwa. Waliona vumbi wakasema bado kidogo."

"Wengi," alisema nesi. "Siyo wote?"

"Mmoja hakuambiwa. Nilifunga matimba yake mimi mwenyewe. Hakukuwa na vumbi, hakukuwa na chochote. Huyo ndiye sijamwelewa mpaka leo." Akamgeukia fundi, akimwita kijana kwa Kikurya. "Dunia inaweza kufanya hivyo, mura, lakini dunia haikunikaribisha nikae nicheze nayo. Mwalimu alinikaribisha."

Mke wa fundi alileta maji ya kunywa, akaanza kumpa mzee.

Nikasema nimekosa, na kwamba kwa kuwa nimekosa, namfufua askari.

"Usifufue mtu nyumbani kwangu," alisema mke wa fundi.

Mzee naye alikataa, kwa sababu zake. Alisema askari akiinuka leo, Jumapili ijayo wote watakuwa wanaingia kwenye kila tundu kama walevi, wakijua mwalimu atawatoa. Fundi, ambaye ndiye aliyefiwa, alifikiri sana. Mwishowe akasema askari ameshaliliwa na watu waliotoka Nyamwaga kwa ndizi zao. Akirudi sasa atakuwa amewadhihaki. Abaki alipo. Yeye ataumba mwingine.

"Lakini nataka unisikilize, Mwalimu," alisema. Akaondoa tepu shingoni, akaanza kuizungusha kwenye vidole. "Mteja akiniletea kitambaa, nampima, nachora kwa chaki. Anaiona ile chaki. Kabla sijakata namwambia, mkasi ukipita hakuna kurudi, nikate? Akisema kata, nakata. Baadaye hata suruali ikimbana hanilaumu, kwa sababu tulikuwa wote pale. Wewe ulikata bila chaki."

Nesi akasema kwao wodini wanaiita dalili. Ugonjwa unaoua bila dalili ndio anaouogopa kwa sababu haumpi hata nusu saa ya kufanya kazi yake. "Si lazima upone," alisema. "Ila niachie hiyo nusu saa."

Niliyaandika yote nyuma ya kitabu, kwenye zile kurasa zenye madoa, kwa penseli.

Jumapili iliyofuata nilikuja nimejiandaa kupita kiasi. Nilikuwa nimeweka dalili kila mahali. Kwenye ujia mmoja wa ngome niliweka vumbi linalodondoka, mifupa mitatu, harufu mbaya, maandishi ukutani na kunguru aliyekufa. Matokeo yake hakuna aliyetaka kusogea. Mganga wa nesi alikata fimbo akawa anagonga kila jiwe kabla ya kulikanyaga, na kila jiwe nesi alitaka kujua limetoa sauti gani. Mtu mpya wa fundi, mfanyabiashara wa vitambaa, alikaa mlangoni akasema atasubiri ripoti. Mzee wa matimba alisimamisha magogo. Saa mbili na nusu zilipita, wametembea hatua tisa. Mzee akasinzia kwenye kiti. Fundi alipomgusa, alizinduka akasema gogo la kushoto halijakaza.

"Mwalimu," alisema fundi, "umeniambia mpaka sasa nimechoka kuambiwa."

Nikaelewa kwamba nimeharibu upande wa pili. Nilikuwa nawaonya hata pale ambapo hapakuwa na kitu cha kuua, na dalili zangu zimekuwa kama kelele za kuku. Juma lile nilipitia ramani yangu yote. Mahali pa kuchubuka magoti nikaondoa mifupa. Nikaiacha kwa ajili ya mahali ambapo mtu anaweza kufa kweli.

Mbele yao palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo, nao wakapafikia Jumapili iliyofuata. Ulikuwa mto. Hapo sikukihitaji kitabu, kwa sababu niliwahi kuwapeleka wanafunzi upande wa Serengeti kuuona Mto Mara, nikakaa ukingoni nikaangalia vizuri. Taji walikuwa wamelipata. Mzee na fundi walikuwa wameshavuka nalo kwa kamba, juu, penye mawe. Lakini kamba ilikatika nesi akiwa bado hajavuka, na wale majambazi wa zamani walikuwa wanakuja nyuma yake. Kwa chini kidogo palikuwa na kivuko kingine.

"Maji yametulia," nikamwambia. "Ukingo ni laini, wa kushuka vizuri. Ni mahali pazuri pa wanyama kunywa, lakini hakuna kwato hata moja kwenye tope. Kuna pembe ya swala imelala pembeni. Ndege wamekaa upande wa pili tu."

Nesi aliweka mikono mezani. "Mamba," alisema.

"Sijasema."

"Umesema vya kutosha. Nikikaa hapa?"

"Majambazi watafika. Watakukamata. Hawataki kukuua, wanataka taji."

"Watawaita hawa wawili warudi walete taji."

"Huenda."

Fundi na mzee walikuwa wananong'ona kuhusu kamba nyingine, wakahesabu mafundo, wakakubaliana kwamba muda hautoshi. Nikajikohoza.

"Sista, ukiingia majini utahitaji kumi na mbili kwenda juu. Chini ya hapo mganga wako hatoki. Mkasi ukipita hakuna kurudi. Nikate?"

Huyu alikuwa mwanamke anayechemsha maji yaliyochemshwa. Tulitegemea atafute fimbo. Yeye akavua saa ya mkononi, akaiweka mezani kama anayejiandaa kumpokea mtoto.

"Hawa wakirudi watakufa wote wawili," alisema. "Fundi hata kukimbia hajui. Kata."

Akachomoa kikaratasi koponi mwenyewe, bila kutikisa. Tano.

Nilimweleza kwa ufupi. Sikupamba. Fundi aliinamisha kichwa, na mzee akavua kofia. Mimi nilikuwa namwangalia nesi, nikingoja aniulize kitabu kiko kwa nani. Hakuuliza. Alivuta karatasi ya mganga wake, akachukua penseli yangu, akaandika chini kwa mwandiko wake wa hospitali uliolala upande: *Amefariki saa kumi na dakika ishirini. Sababu: mamba. Marehemu alionywa.* Akaweka sahihi. Halafu akasema ana njaa.

Ndipo fundi akauliza habari ya mazishi. Alisema mtu aliyekufa kwa ajili ya wenzake hawezi kuachwa hivihivi. Mzee akasema mwili hauko, umekwenda na mamba. Fundi akasema hata kaburi tupu linafaa. Mzee akasema kaburi tupu ni shimo, na kuhusu mashimo tumeshazungumza. Nesi, akiwa marehemu, alisema yeye hataki turubai. Walibishana hivyo kwa sauti mpaka mke wa fundi akatoka nyuma ya duka na sinia la chai na mandazi. Aliliweka katikati ya vikaratasi vyangu. Tangu ile Jumanne hakuwahi kutoka mchezo ukiwa unaendelea.

"Nani amekufa leo?" aliniuliza.

"Mganga wa Sista."

"Kwa sababu gani?"

Nikampa ile karatasi. Akaisoma polepole, mpaka kwenye sahihi. Akamtazama nesi, ambaye alikuwa anakula andazi la pili na hana malalamiko yoyote.

"Alijua?"

"Alijua," nesi alijibu mwenyewe.

Mke wa fundi akavuta stuli ya kushonea, akakaa, akapanga khanga yake mabegani.

"Nataka mmoja na mimi," alisema.

Nikamsogezea karatasi mpya na penseli, nikamwuliza mtu wake atakuwa nani, askari, mwizi, mganga, chochote anachotaka. Hakuigusa penseli. Aliangalia ramani yangu iliyofunikwa, akaliangalia kopo, akaniangalia mimi.

"Nitachagua baadaye," alisema. "Kwanza niambie, hapo walipo sasa, pana njia ngapi za kutokea?"